Sura ya Tatu: Ubundu, Mji wa Kushusha Mizigo

Meli ikitoka Kinshasa hupanda Mto Kongo kilomita zipatazo 1,700 bila kukutana na poromoko hata moja. Kisha hufika Kisangani, na safari huishia hapo. Juu ya Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwenye kilomita zipatazo 100, na hakuna chombo cha mizigo kinachopita humo. Ukiyamaliza yote saba unakuta mto umetulia tena, mpana na wa rangi ya kahawia, na watu wanauita Lualaba. Kuanzia hapo meli inaweza kwenda kusini mpaka Kindu, kilomita 300 na ushei. Mahali ambapo maji hayo matulivu yanaishia na vishindo kuanzia ndipo ulipo mji wa Ubundu.

Kisangani na Ubundu ni watoto wa maporomoko yaleyale. Mmoja amekaa chini yake, mwingine juu. Mmoja ukawa jiji lenye chuo kikuu, kanisa kuu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Mwingine umebaki mji mdogo, makao makuu ya teritwari mojawapo kati ya saba za jimbo la Tshopo. Vitabu vingi vya historia humsimulia mkubwa na kumtaja mdogo kwa sentensi moja. Lakini kila aliyetaka kuuvuka moyo wa Kongo, awe mfanyabiashara, askari, mhandisi, mcheza filamu au mkimbizi, alilazimika kushusha mzigo Ubundu. Hiyo ndiyo bahati ya mji huu, na ndiyo balaa yake pia.

Watu wa maji na watu wa msitu

Kabla hajafika mgeni yeyote, eneo hili lilikuwa la makabila yaliyogawana kazi kwa mazingira. Kwenye mto walikaa Wagenia, wavuvi wanaojulikana mpaka leo kwa mitego yao mikubwa ya miti inayofungwa juu ya maji makali. Ndani ya msitu, upande huu na ule wa mto, waliishi Walengola, Wamituku na Wakumu, wawindaji na wakulima wa ndizi. Samaki walikwenda msituni, ndizi na nyama zikaja mtoni. Hapakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Palikuwa na vijiji, koo na wazee, na mto uliokuwa mali ya wale waliojua kuusoma.

Utaratibu huo ulitikiswa kutoka mashariki. Katikati ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Unguja na Bagamoyo, ikipitia Tabora na Ujiji, ilifika Lualaba na kujenga miji ya Nyangwe na Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akashindwa kupata mitumbwi ya kumteremsha. Stanley alifanikiwa mwaka 1876, baada ya kuahidi kumlipa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, dola 5,000 ili amsindikize. Wawili hao waliagana mwishoni mwa Desemba. Januari 1877 Stanley na watu wake waliyapita maporomoko saba, mara nyingi kwa kuburuta mitumbwi nchi kavu huku wakipigana na wenyeji waliowaona, kwa haki kabisa, kuwa ni wavamizi.

Kwa kupita huko Stanley alionyesha kwamba njia ipo, na kwa miaka kumi iliyofuata watu wa Tippu Tip waliitumia zaidi kuliko yeye. Wangwana, waungwana wa Kiswahili waliovaa kanzu na kubeba bunduki, waliteremka Lualaba, wakavuka eneo la Ubundu na kuweka makao kwenye maporomoko ya mwisho. Walinunua pembe walipoweza, na waliposhindwa kununua walichoma vijiji na kuteka watu. Wenyeji waliwaita Matambatamba, na jina hilo lilikuwa la hofu. Lakini walileta pia mpunga, Uislamu, nguo za kushona na Kiswahili. Katika Kisangani ya leo kunasikika Kilingala kilichopanda na meli kutoka magharibi na Kiswahili kilichoteremka na mitumbwi kutoka mashariki. Ubundu uko juu ya maporomoko, upande wa Kiswahili.

Jambo hilo ni gumu kulisimulia kwa msomaji wa Kiswahili, maana lugha anayoisoma ilifika huku pamoja na minyororo. Si sababu ya kuikana lugha. Ni sababu ya kutokuisafisha historia yake.

Mauaji ya Emin na jina la Ponthier

Stanley alirudi mwaka 1883, safari hii akitokea magharibi kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwezi Desemba akaanzisha kituo kwenye maporomoko ya mwisho. Mwaka 1886 kituo hicho kilishambuliwa na Waarabu na Waswahili na kuachwa kikiungua. Leopold hakuwa na jeshi la kukirudisha, basi akatumia kalamu: Februari 1887, mjini Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley, kama Boyoma ilivyoitwa wakati huo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa akawa mtumishi wa dola iliyojitangaza kuwa imekuja kukomesha utumwa. Kila upande ulijua kwamba unanunua muda tu.

Tippu Tip aliondoka kurejea Unguja mwaka 1890, na baadaye akaandika maisha yake kwa Kiswahili, moja ya tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Alikuwa ameondoka wakati mzuri. Juu kidogo ya Ubundu, huko Kirundu, alikuwepo tajiri mwingine aitwaye Kibonge. Oktoba 1892, kwa amri yake, aliuawa Emin Pasha, Mjerumani mzaliwa wa Silesia ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Emin aliwahi kuwa gavana wa Ikweta kule Sudani, kisha akaingia utumishi wa Wajerumani na kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Alikuwa akipenya msitu kuelekea magharibi alipokamatwa na kuchinjwa.

Wakati huo vita kati ya Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold, na wafanyabiashara wa mashariki vilikuwa vimekwisha kuwaka. Wanajeshi wa Francis Dhanis waliiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili. Mwezi Mei maporomoko yakaangukia mikononi mwa Wabelgiji, na Rashid, mpwa wa Tippu Tip aliyekuwa ameachiwa madaraka, akakimbia. Miongoni mwa maofisa waliowafukuza walioshindwa wakipanda Lualaba alikuwa Pierre Ponthier. Alipigana mpaka jirani na Kasongo, na Oktoba mwaka huohuo akafa kutokana na mapigano dhidi ya Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji.

Wabelgiji walikipa kituo cha juu ya maporomoko jina lake: Ponthierville. Kwa zaidi ya miaka 60 wavuvi waliozaliwa hapo waliandikiwa kwenye karatasi zao jina la askari aliyepita kwao akifuata vita, akafia kwingine. Hata katika jina, mji ulikuwa wa mpita njia.

Reli ya mwenye Metro ya Paris

Mwaka 1898 ilikamilika reli ya kutoka Matadi mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, na tajiri Édouard Empain akaona fursa upande wa pili wa nchi. Empain ndiye mwenye kampuni iliyojenga Metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900, na ndiye baadaye aliyejenga kitongoji cha Heliopolis pembeni mwa Cairo. Januari 1902 aliunda kampuni iliyojulikana kwa herufi CFL, ya kuunganisha Kongo ya Juu na Maziwa Makuu. Masharti yalikuwa matamu: Dola Huru ilimdhaminia faida ya asilimia nne kwa mwaka na kumpa hekta milioni nne za ardhi. Wenye ardhi hiyo hawakuulizwa.

Kazi ilianza mwaka 1903 na treni ya kwanza ya kawaida ilipita mwaka 1906. Reli ilikuwa na urefu wa kilomita 125, upana wa mita moja, ikipita ukingo wa kushoto wa mto ndani ya msitu mzito. Ilianzia ng'ambo ya Stanleyville, yaani Kisangani, mahali panapoitwa leo Lubunga, na kuishia Ponthierville. Kwa kuwa Kisangani iko kaskazini kidogo ya ikweta na Ubundu kusini yake kidogo, treni hiyo ilivuka mstari wa katikati ya dunia kila ilipokwenda na kurudi. Miti ilikatwa, udongo ukachimbwa na mataruma kutandikwa kwa mikono ya watu, katika miaka ileile ambayo Kongo ya Leopold ilikuwa ikilaaniwa duniani kwa mpira wa damu.

Ponthierville sasa ilikuwa na gati, karakana, bohari, nyumba za matofali za Wazungu na mitaa ya wafanyakazi. Meli ndogo ziliendelea mpaka Kindu. Kutoka Kindu ilijengwa reli nyingine ya kilomita 355 mpaka Kongolo, iliyokamilika mwishoni mwa 1910, na mwaka 1915 njia ikafika Albertville, Kalemie ya leo, kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha reli yao ya kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Hivyo mtu aliyekuwa Matadi kwenye Atlantiki angeweza, kwa treni na meli zikipokezana, kufika Bahari ya Hindi. Katika mnyororo huo mrefu Ponthierville ilikuwa pingili isiyorukika.

Lakini mnyororo ulikuwa na kasoro iliyoonekana kwa kila mhasibu. Kila pingili ilidai mzigo ushushwe na kupakiwa upya, na kila kupakua kulikula pesa, siku na migongo ya watu. Shaba ya Katanga, ambayo ndiyo ingeitajirisha njia hii, ilipata reli ya kusini kuanzia 1910. Kisha mwaka 1928 ikafunguliwa reli ya kwenda Port-Francqui, Ilebo ya sasa, na madini yakapata njia ya ndani ya nchi isiyopita kabisa Ponthierville. Uamuzi huo ulifanywa Brussels na Katanga. Ponthierville ilibaki na mafuta ya mawese, mpunga, pamba ya Maniema, abiria na barua. Ulikuwa mji wenye kazi, ila ahadi kubwa ya mwanzo ilikuwa imepita pembeni.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mzigo ulirudi kwa namna nyingine. Wabelgiji walitaka mpira na madini kwa ajili ya washirika wao, na kazi za lazima kwa wanavijiji zikapandishwa kutoka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwaka 1944 Wakumu wa upande wa Lubutu na Masisi waliasi chini ya Bushiri, kiongozi wa vuguvugu la kidini la Kitawala aliyehubiri kwamba utawala wa Wazungu umefika mwisho. Jeshi liliuzima uasi huo kwa ukatili. Msitu ambao kwa macho ya abiria wa treni ulikuwa kijani kitupu ulikuwa na watu waliohesabu kila siku waliyonyang'anywa.

Hollywood msituni

Mwaka 1951 walishuka Ponthierville wageni wa aina mpya. Mwelekezi John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kambi yao ilijengwa Biondo, kwenye Ruiki, mto mdogo unaoingia Lualaba. Kamera za rangi za wakati ule zilikuwa kubwa na nzito ajabu, na zote zililazimika kufuata njia ya treni na maji kama shehena nyingine. Siafu waliivamia kambi, boti ya filamu ikazama na kuopolewa, na karibu kundi zima likaugua tumbo. Bogart na Huston walinusurika, na wenyewe walipenda kusema kwamba kilichowaokoa ni kunywa wiski badala ya maji.

Hadithi ya filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, haihusu Kongo. Inahusu Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na wazo la meli ya kivita ya Kijerumani ziwani linahusishwa na Graf von Götzen, iliyozamishwa Kigoma mwaka 1916, ikaopolewa na mpaka leo inajulikana kama Liemba. Kwa hiyo mto wa Walengola uliigiza mto wa Tanganyika, na baadaye wapigaji wakahamia Uganda kuongeza picha nyingine. Bogart alipata tuzo ya Oscar mwaka 1952. Mamilioni ya watu wameuona msitu wa Ubundu bila kujua kwamba ni msitu wa Ubundu.

Ndicho kiwango cha heshima ambacho mji huu ulizoea kupewa: pazuri pa kupita, lakini pasipo na haja ya kutajwa.

Wakimbizi wa mwaka 1997

Baada ya uhuru wa 1960 Stanleyville iliingia katika tufani. Ilikuwa ngome ya wafuasi wa Lumumba, makao ya uasi wa Simba mwaka 1964, na uwanja wa maasi ya askari mwaka 1966 na 1967. Rais Mobutu aliyafuta majina ya kikoloni. Stanleyville ikawa Kisangani, na Ponthierville ikawa Ubundu. Reli ilikabidhiwa shirika la taifa, SNCC. Kadiri serikali ilivyodhoofika, injini ziliharibika bila vipuri, mataruma yakaoza na majani yakaota kati ya vyuma. Kufikia miaka ya 1990 treni ilikuwa tukio.

Ndipo Machi 1997 walipofika watu wengi kuliko wote waliowahi kuja Ubundu. Walikuwa wakimbizi wa Rwanda, Wahutu waliokimbia nchi yao mwaka 1994, wakakaa kwenye kambi za Kivu, kisha wakafukuzwa huko na vita mwishoni mwa 1996. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wa mauaji ya kimbari, na walikuwamo wengi zaidi ambao hawakuua mtu: wanawake, wazee, watoto. Walikuwa wametembea mamia ya kilomita msituni. Kambi yao ya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, ilipoanguka, walikimbilia Lualaba. Mto ukawazuia. Makumi ya maelfu walirundikana ukingo wa kulia wakitafuta mitumbwi ya kuwavusha, na wapo waliozama.

Waliovuka waliifuata reli, kwa sababu ndiyo njia pekee waliyoiona mbele yao. Kisangani ilikuwa imetekwa na wapiganaji wa AFDL, kundi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, tarehe 15 Machi, na wakimbizi hawakuruhusiwa kuingia. Walipiga kambi kandoni mwa reli, hasa Kasese na Biaro. Mwishoni mwa Aprili kambi hizo zilishambuliwa, na watoa misaada waliporuhusiwa kufika walizikuta tupu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 iliyaweka mauaji ya njia hii miongoni mwa makosa makubwa ya vita hivyo na kueleza nafasi ya AFDL na jeshi la Rwanda. Waliobaki hai walikusanywa na kurudishwa Rwanda kwa ndege. Tarehe 4 Mei, ndani ya treni iliyosongamana ikitoka Biaro kwenda Kisangani, walikufa watu 91 kwa kukosa hewa na kukanyagana.

Reli ya Empain, iliyojengwa kubeba pembe na mpira, ilimaliza karne yake ikibeba maiti. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Ubundu wageni walikuja kwa zaidi ya miaka 120, na mwenyeji hakupona. Familia za mji zilizogawana mihogo na wakimbizi, na zilizowazika waliokufa, hazina mnara wala siku ya kukumbukwa.

Njia iliyobaki

Kisangani yenyewe iliteketea tena Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani kwa siku sita. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo. Jiji limeanza kudai fidia kwa sauti. Mji wa juu ya maporomoko haujapata hata sauti hiyo.

Leo mazao ya Ubundu hufika Kisangani kwa pikipiki, kwa miguu na kwa baiskeli zilizobebeshwa madumu ya mawese na magunia ya mchele, zikisukumwa kwenye njia ya matope. Treni haina ratiba ya kuaminika. Huko Lubunga, inakoanzia reli, mgogoro wa ardhi uliolipuka mwaka 2023 kati ya Wambole na Walengola umeua mamia ya watu na kuwafanya maelfu wengine wakimbizi ndani ya jiji lao. Chanzo chake ni hekta zilizotolewa kwa mwekezaji bila wenyeji kukubaliana. Anayekumbuka hekta milioni nne za Empain hatashangaa.

Mtu anaweza kusema kwamba mji kama huu umekwisha kazi yake, kwamba zama za meli na treni zimepita. Jiografia inamkatalia. Maporomoko saba bado yapo, Lualaba bado inapitika mpaka Kindu, na Maniema bado inahitaji chumvi, simenti na dawa kutoka Kisangani kama Kisangani inavyohitaji mchele wa Maniema. Bei ya gunia sokoni Kisangani inabeba ndani yake gharama ya kila kilomita mbovu ya njia hiyo. Anayeilipa ni mama anayenunua chakula katika mitaa ya Makiso au Tshopo jijini humo, na mkulima wa Ubundu anayeuza kwa hasara.

Waliojenga Ponthierville walitaka kupitisha mali, wala hawakuwa na nia ya kujenga mji. Kizazi cha sasa kina nafasi ya kufanya kinyume chake: kuifufua njia kwa faida ya wanaoishi kandoni mwake, wakulima na wavuvi wakiwa na kauli juu ya nauli, bohari na ardhi, na mikataba ikisomwa hadharani kabla ya kutiwa saini. Kilomita 125 si nyingi. Zilijengwa kwa miaka mitatu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa shoka na sepetu. Serikali yenye nia, ya jimbo au ya taifa, haina udhuru wa kushindwa kuzitengeneza katika karne hii.